Kununua vimeng'enya vya bia kwa jumla na kugawana: hesabu, kugawa na kutunza

#1 MtamaMweupe (Dodoma)

Wakuu, habari za humu. Tupo watu 24 Dodoma, Arusha, Moshi na Dar tunaopika bia nyumbani kwa mtama na mahindi, na kila mmoja anahangaika kivyake kutafuta vimeng'enya, yaani protini zinazogeuza wanga kuwa sukari ya kuchachua. Vichupa vidogo vya rejareja kutoka nje bei yake iko juu, na nauli ya kichupa kimoja inakaribia ya kilo nzima. Kuna muuzaji mwenye alfa-amilesi inayohimili joto (inayokata wanga vipande) na glukoamilesi (inayogeuza vipande hivyo kuwa glukosi), zote za maji, kwa madumu ya kilo 25. Wazo ni tuchange, tuchukue dumu moja la kila aina, tugawane.

Naomba michango yenu hapa: kila mtu achukue kiasi gani, tugawe kwa mizani au kwa mililita, chupa za aina gani, na namna ya kutuma mikoani kwa basi bila nguvu yake kupotea njiani. Hii ni ya matumizi ya nyumbani tu. Anayetaka kupika pombe ya kuuza ana leseni zake za kufuatilia, asiingie kwenye mchango huu.

#2 FundiKimea (Arusha)

Mkuu, kabla hujapokea shilingi ya mtu, piga hesabu ya mipiko. Bei kwa kilo itakupoteza.

Mpiko wa lita 20 unakula kama kilo 5 za unga wa nafaka. Alfa-amilesi ya maji ya daraja la kawaida hutiwa karibu mililita 0.5 kwa kilo ya unga, kwa hiyo mpiko mmoja ni mililita 2.5. Glukoamilesi ni mililita 1 hadi 2 kwa kilo, shika 1.5, mpiko mmoja unakuwa mililita 7.5. Mtu anayepika mara moja kwa mwezi anahitaji kwa mwaka mililita 30 za alfa na 90 za gluko.

Sasa geukia dumu. Vimiminika hivi ni vizito kuliko maji kwa sababu vimechanganywa na gliseroli, sorbitoli au sukari. Mililita moja ina uzito wa karibu gramu 1.2. Kilo 25 basi ni kama lita 20.8. Gawanya kwa 2.5 unapata mipiko zaidi ya 8,300. Watu 24 wakipika kila mwezi watalimaliza dumu la alfa kwa miaka 28 na ushee, na muda wa kutumika ukiwa kwenye friji kwa kawaida ni kama mwaka mmoja tu tangu kutengenezwa. Mtakuwa mmenunua maji ya kumwaga.

Kwa watu 24 mahitaji ni haya: alfa mililita 720, yaani kilo 1 inatosha na chenji inabaki ya majaribio. Gluko mililita 2,160, yaani kilo 3. Mwombeni muuzaji vifungashio vya kilo 1. Wengi wanavyo kama sampuli za viwandani hata kama kwenye orodha ya bei wameandika 25 peke yake. Akikataa, tafuteni mwingine.

#3 BiWimbi (Moshi)

Naunga mkono, na naongeza moja kwenye hesabu ya FundiKimea. Kipimo hicho cha 0.5 na 1.5 ni cha bidhaa za nguvu ya kawaida. Mnachogawana ni nguvu ya kukata wanga. Hiyo gramu ni chombo tu cha kuibebea. Jina la bidhaa mara nyingi linabeba namba yake: Termamyl 120 L ni uniti 120 za KNU kwa gramu, AMG 300 L ni uniti 300 za AGU kwa mililita. Zote mbili asili yake ni Novozymes ya Denmark, ambayo tangu mwaka 2024 imeungana na Chr. Hansen na kuitwa Novonesis.

Namba za kampuni mbili tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Kila mmoja anapima kwa joto lake, pH yake (kipimo cha uasidi) na wanga wake. Ukiona "uniti 20,000" kwa huyu na "uniti 120" kwa yule usidhani wa kwanza ana kali zaidi. Soma karatasi ya maelezo ya kiufundi, utazame kipimo kwa tani ya nafaka, ndipo ulinganishe bei ya kupika tani moja.

#4 Kaka Pipa (Dar)

Wadau, kuna jamaa Kariakoo ana amilesi ya unga, bei ya chini sana, kilo inauzwa kama karanga. Kwa nini tusichukue hiyo? Unga hata hauhitaji friji sana.

#5 BiWimbi (Moshi)

Kaka Pipa, mambo mawili, na la kwanza ni la afya.

Vumbi la vimeng'enya linaleta mzio wa mapafu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni ya unga Uingereza walianza kuugua pumu baada ya vimeng'enya vya bakteria kuingizwa kwenye sabuni, na ndiyo maana leo viwanda hivyo hutumia punje zilizofunikwa. Waoka mikate nao wanapata pumu kwa amilesi ya ukungu iliyomo kwenye viboresha unga. Mwili ukishapata mzio huo haurudi ulivyokuwa: baadaye vumbi kidogo kabisa linatosha kukubana kifua. Kugawa unga ndiyo kazi chafu kuliko zote kwenye mnyororo huu, maana unachota, unamimina, unapima, na kila hatua inarusha vumbi. Jikoni penye watoto na feni ya dari inazunguka, hapana.

La pili ni daraja. Amilesi nyingi za bei poa sokoni ni za viwanda vya nguo, za kutolea wanga kwenye uzi baada ya kufuma, au za kuchanganya kwenye chakula cha mifugo. Zinakata wanga vizuri tu, ila hakuna aliyezisafisha wala kuzipima kwa ajili ya tumbo la mtu. Omba karatasi inayosema wazi ni ya daraja la chakula, na cheti cha uchambuzi chenye namba ya toleo ileile iliyo kwenye kifungashio. Hana? Muache na mzigo wake.

Kama mtu amelazimika kutumia unga, achukue pakiti nzima isiyofunguliwa. Akifungua avae barakoa ya FFP2 au N95 (ile ya kitambaa haisaidii), miwani na glavu, azime feni, achote polepole karibu na chombo, na kufuta afute kwa kitambaa chenye maji. Asifagie pakavu.

#6 FundiKimea (Arusha)

Na ya maji pia ikimwagika ifutwe saa hiyohiyo kwa maji na sabuni. Ikikauka mezani inageuka kuwa vumbi lilelile.

#7 MtamaMweupe (Dodoma)

Nimewaelewa. Basi maji, vifungashio vya kilo moja: alfa 1, gluko 3. Siku ya kugawa tufanyeje hatua kwa hatua? Na kuhusu kuingiza mzigo, nani anajua taratibu?

#8 WakalaMizigo (Dar)

Upande wa forodha: vimeng'enya vinaingia kwenye kichwa 3507 cha ushuru, na vilivyotengenezwa kama hivi vinaangukia 3507.90. Mwambie muuzaji aandike hivyo kwenye ankara, aandike na matumizi ("kwa chakula na vinywaji"), uzito halisi na jina kamili la kimeng'enya. Ankara yenye neno "kemikali" peke yake inakaa bandarini au uwanja wa ndege ikisubiri maswali, na mzigo huu hautaki kukaa juani. Andaa karatasi tatu kabla mzigo haujaondoka: cheti cha uchambuzi, karatasi ya usalama, karatasi ya maelezo ya kiufundi. Masuala ya chakula tangu 2019 yapo TBS (Shirika la Viwango) baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo wakala wako aulize huko kuhusu kibali kabla ya kulipa, siyo mzigo ukishafika.

Mwombe pia asisafirishe Alhamisi au Ijumaa. Mzigo ukitua Ijumaa jioni unalala wikiendi kwenye ghala la joto.

#9 BiWimbi (Moshi)

Siku ya kugawa. Nitaandika kwa kirefu maana hapa ndipo mzigo mzuri unapoharibiwa.

Chupa ziwe mpya, za plastiki ngumu nyeupe au kioo cha kahawia: za mililita 30 kwa alfa na za mililita 100 kwa gluko. Chupa ya maji ya kunywa iliyotumika haifai, na chupa yoyote iliyofanana na ya dawa ya kikohozi ya watoto haifai kabisa. Zioshe, zisuuze kwa maji yaliyochemka, ziache zikauke kabisa kichwa chini juu ya kitambaa safi. Usitumie jiki wala dawa yenye iodini halafu ukaacha matone ndani, kwa sababu klorini na iodini huharibu protini ya kimeng'enya. Hata zile dawa za asidi zisizosuuzwa, ambazo wapikaji wengi tunazipenda kwenye mapipa, hapa si mahali pake. Tone likibaki chini ya chupa ndogo linashusha pH ya kila kilichomo. Ukitaka kuua vijidudu tumia spiriti ya asilimia 70, uache ikauke.

Kifungashio kikubwa kigeuzwe juu chini taratibu mara kadhaa ili kilichotulia chini kichanganyike. Usitikise kwa nguvu. Povu linaharibu sehemu ya kimeng'enya pale kinapokutana na hewa, na linarusha matone madogo unayoyavuta puani. Ukungu kidogo au mashapo hafifu ni kawaida, rangi ya kahawia kukolea au kufifia kati ya toleo na toleo pia ni kawaida. Harufu ya kuoza au kifungashio kuvimba, hapo simamisha kazi.

Gaweni kwa mizani. Kimiminika hiki ni kizito, kinang'ang'ania kuta za jagi na kwenye bomba la sindano kinaingia na viputo vya hewa. Kusoma mililita kwa macho kunamnyima mtu mmoja kati ya watano. Mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.1 inatosha. Kwanza pata uzito wa mililita moja: weka bomba tupu la mililita 10 juu ya mizani, rudisha sifuri, vuta polepole hadi 10, sukuma kiputo kitoke, futa ncha, soma. Ikisoma gramu 12.0, basi mililita 30 ni gramu 36 na mililita 90 ni gramu 108. Weka chupa, sifuri, mimina kwa faneli ndogo hadi gramu zifike. Kila chupa iandikwe uzito wake kwenye daftari.

Anzeni na alfa yote, mmalize, mfunge, muoshe faneli na meza, ndipo mfungue gluko. Zinafanana rangi na unene, na chupa ikishakosa lebo hakuna wa kuzitofautisha kwa macho. Lebo ziandikwe na kubandikwa kabla ya kumimina: jina la kimeng'enya, jina la bidhaa na kampuni, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, nguvu iliyotangazwa, tarehe ya kugawa, "weka nyuzi 2 hadi 8", kipimo kwa kilo ya unga, na "usivute, usiguse macho". Kalamu ya wino usiofutika, juu ya lebo pitisha selotepu, maana friji ina unyevu.

Mwisho kabisa: msiongeze maji. Hata kidogo. Gliseroli na chumvi za kuhifadhi ndizo zinazozuia vijidudu kuota humo na ndizo zinazoshikilia protini isivunjike. Mtu akiona mililita 30 ni kidogo akajazia maji hadi 60, ana wiki chache kabla chupa haijaota ukungu. Anayehitaji kupima matone madogo achanganye na maji siku ya kupika na kumwaga kitakachobaki.

#10 Kaka Pipa (Dar)

Asante dada. Ila hapa kuna kitu hakiniingii. Alfa hii inafanya kazi nyuzi 90, sasa kwa nini joto la Dar la nyuzi 32 liiue? Tunaihangaikia friji ya nini?

#11 FundiKimea (Arusha)

Swali zuri, na wengi hupotea hapohapo. Kwenye sufuria alfa inakaa nyuzi 90 kwa nusu saa tu, ikiwa imezungukwa na wanga na kalsiamu ambavyo vinalishikilia umbo lake. Kazi ikiisha unaichemsha na huitegemei tena. Kwenye chupa unataka ibaki nzima kwa miezi kumi na mbili. Kupotea kwa nguvu ni suala la joto mara muda: watengenezaji wengi hutoa dhamana ya kama miezi 3 kwenye nyuzi 25 na mwaka mmoja kwenye nyuzi 5. Dar nyuzi 32 usitegemee hata hiyo mitatu.

Kwa usafiri maana yake ni hii: siku moja mbili njiani si msiba. Basi la usiku linatosha kabisa Dar hadi Dodoma au Arusha. Kinachoumiza ni buti la basi lililoegeshwa juani mchana au kifurushi kilichosahaulika ofisini siku nne. Funga chupa kwenye mfuko wa plastiki, zungushia gazeti, weka kwenye boksi la thermokoli na chupa moja ya maji yaliyoganda, karatasi nene katikati ili barafu isigusane na kimeng'enya. Kuganda nako kunaharibu, kwa hiyo nyumbani usiweke kwenye friza wala karibu na ukuta wa nyuma wa friji unaotengeneza barafu.

#12 MamaTogwa (Mwanza)

Sisi wa Mwanza tunaomba tuingie. Swali langu: mzigo ukinifikia nitajuaje umefika hai? Nisije nikaunguza kilo tano za mtama ndipo nijue.

#13 FundiKimea (Arusha)

Mama, karibu sana. Jaribio la alfa linachukua chini ya saa moja na linahitaji wanga wa mahindi wa dukani na iodini ya duka la dawa.

Chemsha gramu 50 za wanga kwenye nusu lita ya maji mpaka uji uwe mzito na wa kung'aa. Gawa kwenye sufuria mbili sawa. Vuta mililita 1 ya alfa, changanya na mililita 99 za maji. Ndiyo dawa yako ya leo. Kila sufuria ina gramu 25 za wanga, na kwa kipimo cha 0.5 kwa kilo inahitaji mililita 0.0125 za kimeng'enya, yaani mililita 1.25 za huo mchanganyiko. Uji ukiwa nyuzi 80 hadi 85 tia kwenye sufuria moja, nyingine tia maji matupu kiasi hichohicho, koroga zote sawa. Yenye alfa iliyo hai inalainika ukiona kwa macho: mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuzama, na ndani ya dakika chache unakoroga kitu chepesi kama maji ya wali. Ile nyingine inabaki uji.

Baada ya nusu saa chota tone kwenye sahani nyeupe, liache lipoe, tia tone la iodini iliyozimuliwa moja kwa kumi. Bluu-nyeusi, wanga bado upo. Zambarau au nyekundu-kahawia, umekatwakatwa vipande. Njano ya iodini yenyewe, umekwisha. Kupoza ni lazima kwa sababu rangi ya bluu hupotea kwenye joto, na utadhani wanga umeisha kumbe umejificha. Chota maji yaliyo safi juu. Punje ya unga ikiingia kwenye tone itatoka bluu tu.

Gluko inapimwa tofauti, maana kazi yake ni kutoa glukosi. Tumia huo uji uliolainishwa na alfa, upoze hadi 60, ushushe pH hadi 4.5 au 5, tia mchanganyiko wa gluko wa moja kwa mia (kwa gramu 25 za wanga ni mililita 3.75), acha saa mbili kwenye nyuzi 58 hadi 60. Halafu chukua vijiti vya kupimia glukosi kwenye mkojo vya duka la dawa. Pima kabla na baada, sampuli zote mbili ukiwa umezimua moja kwa ishirini, vinginevyo kijiti kinajaa rangi mwanzoni na hakikuambii kitu. Kabla inakuwa hafifu, baada inapanda waziwazi. Isipopanda, gluko imekufa au pH haikushuka.

#14 MamaTogwa (Mwanza)

Nashukuru sana mwanangu. Naihifadhi hii.

#15 Njoro (Nairobi)

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku kuna watu alfa imepita hilo jaribio la wanga wa mahindi vizuri kabisa, lakini kwenye mtama wenyewe iodini inabaki bluu hata baada ya saa mbili. Mtama mwekundu wa sokoni. Shida ni kipimo?

#16 BiWimbi (Moshi)

Njoro, rangi yenyewe si ushahidi, lakini mitama mingi ya kahawia na nyekundu ile ambayo ndege hawaipendi ina tanini chini ya ganda. Tanini inashikana na protini, na kimeng'enya ni protini. Unatia dozi, nusu inanaswa kabla haijagusa wanga. Kuongeza dozi mara mbili kunasaidia kidogo na kunamaliza mgao wa watu. Tumia mtama mweupe: kwenu Gadam ambao viwanda vya bia vinanunua, huku Macia. Ukilazimika na mwekundu, ukoboe ganda kabla ya kusaga.

Kama ni mweupe na bado bluu, angalia kwa mpangilio huu. Je, uji ulifika joto la kulainisha wanga? Wanga wa mtama unafunguka kati ya nyuzi 68 na 78, juu kuliko wa shayiri, kwa hiyo njia ya kimea cha shayiri ya kukaa 65 haifanyi kitu hapa. Je, kulikuwa na madonge? Ndani ya donge kimeng'enya hakiingii. Je, maji ni laini mno? Alfa za kawaida zinataka kalsiamu kama miligramu 50 kwa lita. Maji ya mvua au ya chujio la kisasa hayana. Lita 20 zinahitaji gramu 3.7 za kalsiamu kloridi ya daraja la chakula. Je, pH iko 5.6 hadi 6? Chini ya 5.2 alfa hii inachoka haraka kwenye joto.

#17 FundiKimea (Arusha)

Niweke utaratibu wote wa lita 20 ili wanaopokea mgao wawe na mahali pa kuanzia.

Kilo 5 za unga wa mtama mweupe, lita 17 za maji ya nyuzi 45, kalsiamu hiyo ya BiWimbi. Tia mililita 1.25 za alfa kabla ya kupandisha moto. Ukisubiri uji ukaze kwanza, mwiko utavunjika na chini itaungua. Pandisha polepole ukikoroga hadi 88 hivi, shikilia dakika 40. Chemsha dakika 10 kufungua wanga uliobaki, poza hadi 85, tia mililita 1.25 zilizobaki, dakika 30. Pima iodini.

Poza hadi 60. Shusha pH hadi karibu 5 kwa asidi ya laktiki, mililita moja moja, koroga, subiri, pima. Gluko inapenda zaidi 4.5, lakini bia inakuwa kali; mimi nachagua 5 na muda mrefu kidogo. Tia mililita 7.5 za gluko, dakika 90 hadi 120. Mtama hauna maganda ya kuchujia kama shayiri, kwa hiyo chuja kwa mfuko wa kitambaa chepesi, au changanya konzi kadhaa za pumba za mpunga zilizooshwa. Ongeza maji kufidia, kisha chemsha na hopsi (maua machungu ya kutia ladha kwenye bia) dakika 60. Msiruke huu mchemko.

Unga wa mtama usio kimea unampa chachu nitrojeni kidogo sana. Weka diamonia fosfati (DAP) gramu 10 ya daraja la chakula, au badala ya kilo moja ya unga weka kilo ya kimea cha shayiri ukikitia kwenye nyuzi 60 pamoja na gluko. Na diamonia fosfati narudia, ya chakula. DAP ya duka la pembejeo ni mbolea.

#18 Njoro (Nairobi)

Nimeona watu wanatia gluko moja kwa moja kwenye pipa la kuchachulia badala ya kwenye uji. Si ni rahisi zaidi?

#19 FundiKimea (Arusha)

Ni rahisi, na ndiyo inayopasua chupa. Ukiitia kabla ya mchemko, mchemko unaiua na kiasi cha sukari kinasimama pale ulipokiacha. Ukiitia kwenye pipa inaendelea kukata wanga uliobaki wiki nzima na zaidi, polepole, hata baada ya kufunga vizibo. Kila alama 0.001 inayoshuka kwenye haidromita (kifaa kinachoelea kupima sukari iliyobaki) ndani ya chupa huongeza karibu nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Ukifunga bia kwenye 1.008 na gluko ikaishusha hadi 1.002, umeongeza ujazo 3 juu ya sukari uliyoweka ya kutolea povu. Chupa ya kawaida ya bia haikuundwa kwa hilo.

Anayetaka njia hiyo lazima asubiri haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo na iwe karibu 1.000, tena afunge kwenye chupa nene. Ajue pia kwamba bia ya kilo 5 inayoanzia 1.055 ikishuka hadi 1.000 ina kileo cha asilimia 7 na kitu. Waambie wanaokunywa.

#20 MtamaMweupe (Dodoma)

Wakuu, na Mama wa Mwanza amekuja na wenzake watatu, tumekuwa 28. Alfa 28 × 30 ni mililita 840, kilo moja haifiki. Tuongeze kilo ya pili?

#21 BiWimbi (Moshi)

Hapana, punguza mgao uwe mililita 27. Zikizidishwa kwa 28 ni 756, zinabaki kama 75 za kung'ang'ania chombo na za jaribio la kwanza. Mililita 27 ni mipiko 10 na chenji, na ni wachache wanaopika miezi yote kumi na mbili. Gluko 28 × 81 ni 2,268, ndani ya kilo tatu.

Fedha: jumlisha bei, usafiri, ushuru, wakala, chupa, lebo, boksi na makato ya simu, gawanya kwa mililita zitakazogawiwa kweli (siyo zilizo kwenye kifungashio), kila mtu alipe kabla ya kuagiza. Nauli ya basi kila mkoa ujilipie wenyewe. Risiti zote zipigwe picha ziwekwe kwenye kundi. Chupa moja ya kila aina ibaki kwa mgawaji kwenye friji, isiguswe: mtu akilalamika kwamba yake haifanyi kazi, jaribio la FundiKimea lirudiwe kwa hiyo. Ikifanya kazi, shida ni ya safari au friji ya mhusika. Isipofanya, namba ya toleo iko kwenye lebo, muuzaji anadaiwa.

#22 Kaka Pipa (Dar)

Kuna wenzetu wa Bukoba na Moshi wanataka tuongeze na pektinesi (kimeng'enya kinachokata pektini, utando unaoshikilia tunda) kwa ajili ya mvinyo wa ndizi. Inagawiwa vilevile?

#23 BiWimbi (Moshi)

Kugawa na kutunza ni vilevile, matumizi ni tofauti. Pektinesi inatiwa kwenye ndizi iliyopondwa, mbichi kwa maana ya isiyopikwa, nyuzi 25 hadi 45, saa kadhaa kabla ya chachu. Uji wa ndizi unaachia maji na kuchuja kunakuwa rahisi. Ukipika ndizi kwanza, poza chini ya 45 kabla ya kutia. Kileo kikishakuwa kingi pektinesi inapungua nguvu, kwa hiyo usiisubirishe hadi mvinyo umeshachacha.

Inapokata pektini inaachia methanoli kidogo. Kwenye mvinyo wa kunywa kama ulivyo kiasi hicho ni kidogo, lakini anayetaka kuupitisha kwenye mtambo wa gongo asipewe mgao huu. Gongo ni kosa kisheria na hapo methanoli ni suala jingine kabisa. Orodha ya pektinesi ifunguliwe peke yake, watu wa ndizi wajitaje na idadi ya kilo za ndizi wanazoponda kwa mwezi, ndipo tujue kama hata kifungashio cha nusu kilo kinatosha.

#24 MtamaMweupe (Dodoma)

Sawa. Orodha ya alfa na gluko naifunga Jumapili saa mbili usiku, watu 28, mililita 27 na 81. Muuzaji amekubali vifungashio vya kilo 1 na ametuma cheti cha daraja la chakula. WakalaMizigo nimekutumia karatasi zote tatu uzipitie kabla hatujalipa. Mzigo utaondoka Jumatatu. Orodha ya pektinesi nafungua uzi mwingine kesho.